Uzito wa Konyeza

Wavu wa meli ya utafiti unamwagwa sitahani, Walvis Bay,
na hakuna kinachopigapiga.
Ndeshipanda anasikiliza hata hivyo. Mazoea.
Zamani mzigo ulishuka ukilia kama mvua juu ya mabati;
huu unashuka kama uji uliozidi maji.

Katika lugha ninayoandikia wanaitwa konyeza,
ingawa hawana jicho la kumkonyezea mtu,
hawana mfupa, hawana damu, hawana haya.
Anawachota kwa beleshi, anawapandisha kwenye mizani,
anasoma kwa sauti: arobaini na moja nukta tatu.
Dokta Goagoseb anaandika.
"Samaki je?"
"Gramu mia sita."
"Umetoa uzito wa ndoo?"
Hakuwa ameutoa.

Alikuwa na miaka kumi na tisa
enzi king'ora cha kiwanda kikilia usiku wa manane
na wanawake wa Kuisebmond wakitoka mbio, buti za mpira miguuni,
vilemba wakivifungia njiani.
Sadini walikuja hivyo, bila miadi, kwa tani.
Kichwa, mkia, kopo. Kichwa, mkia, kopo.
Magamba yalimfuata hadi kitandani;
mwanawe wa kwanza alinyonya huku gamba moja limemganda shavuni
na hakuna aliyeona ajabu.
Kilichozidi makopo kilisagwa unga, wakalishwa kuku wa ng'ambo.
Hapo ndipo anaporudi kila akisimulia:
kuku.
Bahari nzima, kuku.

Usidhani baada yao maji yalibaki matupu.
Nyumba iliyohamwa haikosi wa kuingia.
Mkondo baridi haukupata habari za msiba,
ukaendelea kupandisha rutuba kutoka vilindini,
ukapika kwa sufuria ile ile ya walaji wengi,
na chakula kile cha kijani, kisichoguswa,
kikazama, kikaozea sakafuni,
kikafyonza pumzi yote ya maji.
Sasa kuna siku bahari inabeua.
Ufuko unageuka rangi ya maziwa yaliyotiwa majani,
harufu ya yai viza inaingia hadi kanisani katikati ya sala,
na kamba mawe wanatoka kwa miguu yao wenyewe,
afadhali kufia mchangani.

Mmoja tu alijifunza kuishi humo:
kisamaki chenye ndevu, kirefu kama kidole cha kati.
Mchana anajizika kwenye tope lisilo na hewa.
Usiku anapanda, anajibanza kati ya minyiri ya konyeza,
na kabla ya kuaga amemmega mwenyeji wake.
Sili wanamla, samaki wakubwa wanamla.
Dokta anampenda kama mwalimu anavyompenda
yule wa dawati la nyuma aliyefaulu bila kutarajiwa.

Kusini, kisiwani, Titus Swartbooi anahesabu pengwini.
Hupiga simu Ijumaa.
Nao wanakula ndevu hizo hizo, anasema,
tumbo linajaa, kifaranga hanenepi.
Mwaka jana alitaja viota mia na kumi.
Mwaka huu aliuliza hali ya hewa.

Nyavu zilipigwa marufuku, ndiyo, hatimaye.
Lakini sadini wachache waliosalia wakitaga,
konyeza wanapita juu ya mayai taratibu,
kama mtu anayepangusa meza.

Leo, chini kabisa ya beleshi la nne, kitu kigumu.
Ndeshipanda hakuhitaji kutazama.
Mgongo wa buluu, madoa ubavuni, jicho bado angavu.
Kidole gumba chake kikaenda chenyewe
pale nyuma ya shavu, panapokatwa.
Akakizuia.
Akasimama hivyo kitambo, ukungu ukimlowesha kope,
hadi Dokta akainua kalamu.

"Gramu themanini na mbili," akasema.
"Mwandikie mstari wake.
Ndoo nimeitoa."