Kungumanga Hupimwa kwa Maji

Katika ghala la Gouyave, kabla sijajua kusoma,
mama alinifunza kupima kwa pipa la maji.
"Inayozama, Lyris, ndiyo nzima.
Inayoelea ina upepo tumboni.
Itenge, hiyo ya kukamua mafuta."
Vidole vyake vilinuka basibasi hata Jumapili,
hata kanisani, aliponiziba mdomo nisicheke.

Grenada unaizunguka kwa gari ukawahi chakula cha mchana.
Chini pwani jua linakaanga mabati;
juu Grand Etang, penye ziwa lililolala kinywani mwa volkano,
mvua haibishi hodi.
Wageni wa meli hukodi makoti ya plastiki,
wakapiga picha ukungu,
wakauliza nyani yuko wapi.
"Leo yuko likizo," mjomba Alban huwajibu.
Hupewa dola.
Dola hiyo ilikuwa unga, ilikuwa daftari langu.

Kisha kimbunga.
Kilikaa kwetu alasiri moja, kama mdai asiyekubali kiti,
kikaondoka milima imenyolewa.
Mikungumanga ya babu yote chali, mizizi angani,
na harufu, ee Mungu, harufu tamu nchi nzima,
kana kwamba kuna mtu anapika karamu.
Baba hakulia. Alihesabu.
Alipofika mia mbili akavaa kofia.

Akapanda miche arubaini.
Lakini mkungumanga una siri yake:
hausemi kama ni dume au jike
mpaka mwaka wa sita, wa saba, utoe maua.
Unaupalilia, unautilia samadi,
unausalimu kila asubuhi kwa jina la shangazi,
kumbe ni mjomba.

Miaka saba tukala nyani wa Alban
na bahasha za dada Merle kutoka Toronto.
Bei ya kungumanga ilipanda tulipokuwa hatuna hata moja.
Maua yalipotoka, baba aliazima miwani ya mama,
akapita mti kwa mti, kimya.
Madume kumi na tisa.
Akanoa panga. Akabakiza mawili:
"Hata majike wanahitaji wa kuwasalimu."

Sasa penye pipa nasimama mimi.
Fukwe zetu ziko kwenye kalenda za watu wa baridi,
na kule Carriacou bahari inabomoa makaburi ya Tibeau,
jiwe baada ya jiwe, majina yakitazama juu.
Jana mgeni mmoja, kofia mpya, mgongo umeiva kwa jua,
aliniuliza kwa upole:
"Hamwogopi kuzama?"

Nilitafuta jibu la heshima. Sikulipata.
Nikachukua kungumanga moja, nikaitosa.
Tukainama wote wawili juu ya pipa.
Haikuelea, haikwenda chini;
ilining'inia katikati ya maji,
ikijigeuza polepole,
na mimi, mwenye miaka ishirini katika kazi hii,
sikujua niiweke kapu lipi.