Kumi na Sita kwa Ishirini

Kopi arobaini na moja, mshumaa mmoja.
Umeme umekata tangu jioni, Kadutu nzima giza.
Nina biki nyekundu, chai ya rangi,
na swali nililolitunga mwenyewe juma lililopita
nikiwa juu ya pikipiki, bila kulifikiria sana:
*Je, wakaazi wa miteremko ya Bukavu wahamishwe?
Tetea msimamo wako.*

Birindwa anaanza: "Kila mtu anajua kwamba..."
Naandika pembeni: Mimi sijui. Niambie.

Cikuru amemtukana karani wa viwanja ukurasa mzima.
Karani ameanguka chali;
hoja yake bado imesimama mlangoni, imevaa viatu.

Kopi mbili zimeandika "mmonyoko" mstari uleule.
Aliyeiga ameiga hadi kosa.

Mugaruka, yeye, ametetea kwa vina:

*Nyumba ni ya mwenye jasho, si ya mwenye karatasi,
Aliyejenga ya kesho, haondolewi kwa kesi,
Msitutishe vitisho, mvua twaijua sisi,
Hapa mwanzo hapa mwisho, hatuhami, si uasi.*

Nimehesabu mizani kwa vidole: imetimia.
Nimeisoma mara ya pili kwa sauti, nikacheka peke yangu.
Kisha: Tamu sikioni. Ushahidi uko wapi?
Mvua mnaijua. Yenyewe inawajua?
Kumi. Basi, kumi na moja, kwa ajili ya sikio.

Halafu Nsimire.

Hakuanza na Mungu, wala na methali.
Alishuka njia moja, kutoka bomba la maji hadi ngazi za kanisa,
akahesabu nyumba kumi na tisa.
Kumi na moja zina ufa unaoingiza vidole vinne.
Aliuliza wenyewe: tangu lini?
Waliojibu amewaandika. Waliofunga mlango amewaandika pia.

Kisha akawapa kiti wale wasiokubaliana naye.
Wahamie wapi, anauliza kwa niaba yao,
na kiwanja kimepanda bei,
na mama wa ndizi wateja wake wako hapa,
na kaburi la mtoto liko hapa?
Amewasemea vizuri kuliko walivyojisemea katika kopi ishirini.
Nilidhani amejifunga mwenyewe.
Mstari unaofuata:
"Swali la wapi ni zito. Lakini halijibu swali la lini."

Nikamsoma kama mtu anayechambua maharage usiku,
natafuta jiwe. Nikalipata:
njia moja si mji. Nyumba kumi na tisa ni chache
kwa neno "miteremko yote" analotumia mwishoni.
Nikalizungushia duara, nikafurahi
kuliko inavyompasa mwalimu.

Ndipo nikaona kiambatisho.
*Nyumba ya kumi na nne. Mlango wa buluu. Ufa haukupimwa:
umefunikwa na kabati. Mtoto wa nyumba alituonyesha.*

Mlango wa buluu ni wangu.
Kabati nililisukuma mwenyewe, mwezi wa Aprili.

Nikarudi kwenye lile duara jekundu.
Nimelichora kwa kuwa ni kweli,
au kwa kuwa nyumba ni yangu?
Nikalipima upya, polepole.
Ni kweli. Linabaki.
Lakini furaha yangu naifuta,
hata kama haikuandikwa mahali.

Kumi na sita kwa ishirini.
Jedwali la alama lina kisanduku cha mwisho:
*Je, mwandishi amemshawishi msomaji?*
Naweka alama ya ndiyo.
Mkono unakaa juu yake muda kidogo.

Mabati yameanza kupiga, tone moja moja,
halafu yote pamoja.
Nainuka. Navuta kabati, taratibu, mtoto amelala.
Nausogeza mshumaa.

Mwali unainama kuelekea kwangu.
Madirisha yote nimefunga.

Zimebaki kopi tisa.