Neno "Mpole"

Desemba hapa Oulu jua ni mgeni wa heshima:
huja saa nne na nusu, saa nane keshaaga.
Mto umeganda. Mtu anakokota baiskeli kwenye theluji,
nami niko ghorofa ya tano ya hospitali tangu alfajiri,
naandika barua ya kumwombea Venla Rautio uprofesa.

Nimeandika: ni mpole.
Nimeandika: ni mvumilivu, mwenzi mwema, hakatai kazi.
Nikanywa kahawa. Nikasoma. Nikaona haya.

Lugha yetu haina neno la kumtenga mwanamke na mwanamume.
Sote ni yeye. Yeye alipasua, yeye aligundua, yeye alikesha.
Ungedhani kwa lugha kama hii
kamati haiwezi kujua imeshika jalada la nani.
Lakini mwaka ule nilipoketi nao, majina yamefunikwa kwa karatasi,
barua ya kwanza ilisema: yeye ni bingwa, atafika mbali.
Ya pili: yeye ana huruma, wagonjwa wanampenda.
Hakuna aliyeuliza nani ni nani.
Karatasi ilikuwa ya nini?

Ninayo yangu ya zamani, nimeitoa kabatini,
imekuwa rangi ya chai:
"Daktari Sirkka Mustonen ni mchangamfu,
hutunza figo za watu kama mama atunzavyo jiko."
Jiko!
Miaka tisa nilingoja mlangoni kwa ajili ya jiko lile.

Basi tuanze upya. Futa mpole.
Andika: alibuni kipimo cha kusoma pumzi
ya mtoto njiti asiyefika kilo moja,
bila kumchoma sindano.
Andika kwamba leo wadi nzima inakiita cha Lehtonen
kwa kuwa Lehtonen ndiye aliyekwenda Vienna kukieleza
wiki ile binti wa Venla alipokuwa na homa.
Hapana. Homa iache.
Andika: kipimo ni chake. Nukta.

Mchumia juani hulia kivulini.
Na sisi tuchumao gizani, tulie wapi?

Sasa futa hakatai kazi.
Hapa mkono umesita,
maana kazi hizo alikuwa akipewa na nani?
Miaka sita, kila Jumanne:
"Venla, tuandikie muhtasari, una mwandiko mzuri."
"Venla, kuna mwanafunzi analia chooni, hebu kamwone."
"Venla, keki ya yule anayestaafu."
Sauti ile haikuwa ya Lehtonen.
Ilikuwa yangu, mimi niliyepanda ngazi kwa kucha
nikamwachia ileile,
na misumari yake imechomoza vilevile.

Saa nne kasoro robo. Barua ni ukurasa mmoja,
mkavu, una tarakimu na vitenzi,
hauna hata sifa moja ya jikoni.
Chini nimeongeza mistari miwili isiyomhusu Venla peke yake:
kikao cha saa kumi na moja jioni kihamie saa sita mchana.
Chekechea hufungwa, nanyi mnajua,
mlikuwa na wake wa kuwachukulia watoto.
(Mstari huo wa mwisho nimeufuta. Kisha nimeurudisha.)

Nikampigia simu.
"Kuna kosa?" akauliza;
ndivyo anavyopokea simu zangu.
Nikamwambia kesho Jumanne asije na daftari,
aje na michoro ya kipimo chake, aketi karibu na mkuu wa idara,
na Lehtonen akianza kueleza, amkate.
Kimya. Dirishani ukingo wa mto
umeanza kuwa wa kijivu.

"Sasa muhtasari ataandika nani?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.
Mwandiko wangu, Mungu anajua, ni mbaya.