Maji ya Rusayo

Nimepanga vipande vitatu juu ya kitambaa cheusi,
kila kimoja chembamba kama ganda la kitunguu.
Kahindo amekaa dirishani, mdomo nusu wazi,
kiganja tayari kufunika alichokuja kunionyesha.

Meno yake ya mbele yana rangi ya chai iliyolala.
Si uchafu. Si uvivu wa mswaki.
Ni maji aliyokunywa utotoni chini ya mlima;
daktari huyaandikia floridi, bibi yake
alisema volkano hupiga mhuri watoto wake.

Hii ya kwanza ni kaure ya feldispa.
Ielekeze ziwani: mwanga unapenya
kama unavyopenya jino la mtoto.
Nzuri kuliko zote, ila haijui kutunza siri.
Kahawia yako itachungulia.

Hii ni zirkonia. Mahindi ya kuchoma haiyaogopi.
Inaficha yote, yote kabisa,
kama ukuta wa Himbi uliopakwa chokaa juzi.
Maharusi wanaipenda. Wanang'aa kwenye picha,
nami nawatambua kutoka ng'ambo ya barabara.

Ya tatu ni ya lithiamu, iko katikati:
ngumu kiasi, angavu kiasi.
Bei yake tu ndiyo haiko katikati.

Hapo umeme unakatika.
Tanuru linashuka, mia saba, mia sita na kitu,
na ndani yake mna jino la padri.
Natukana kwa Kinande, namalizia kwa Kifaransa.

Kahindo anacheka. Anasahau mkono magotini.
Naona mistari myeupe ndani ya kahawia,
kama majivu yaliyotua juu ya udongo uliolowa.
Miaka kumi na tisa ya kazi, sijawahi kuitazama
bila kuhesabu namna ya kuifunika.

"Fundi," anasema, "mwaka ule tulipokimbia moto
nilimpata dada yangu Sake, usiku, katikati ya watu,
tochi ilimmulika akicheka.
Usinifanye mweupe hadi nipotee."

Narudisha zirkonia sandukuni.
Kwenye hii ya tatu nitatia kahawia kidogo,
karibu na ufizi, kwa brashi ya nywele tatu.
Mafundi wenzangu watasema mkono wangu umechoka.

Lakini kwanza umeme.
Mia tatu na arobaini.
Kahindo ananiuliza kama padri anajua.