Kizazi cha Nne

Piroska hakuwa na "Daktari" mbele ya jina lake.
Alikuwa na kalamu nyeusi isiyofutika kwa spiriti
na miaka ishirini na sita katika chumba hiki
cha ghorofa ya pili, Debrecen,
dirisha likitazama reli ya tramu na theluji iliyochafuka.

Alinifundisha hivi:
Hizi ni seli za ini. Mwenyewe hatumjui.
Alikufa kabla hujazaliwa, na ini lake bado linakula.
Usizipige baridi. Usizikaribie ukiwa na mafua.

Ndani ya kiini cha kila seli, alisema,
kuna mlinzi aketiye juu ya maandishi.
Mafuta yakija, au nyongo,
humgusa bega, naye hufungua ukurasa:
hii ichomwe, ile iwekwe akiba.
Wapo walinzi ambao mgusaji wao amejulikana.
Huyu wetu bado. Wataalamu humwita yatima,
si kwamba hana mzazi,
ila hajajulikana wa kumwita.

Kwa hiyo tukamtegea taa.
Tulitwaa jeni ya kimulimuli
tukaishona pale mlinzi anapoweka mkono,
ili siku atakapoamshwa seli iwake,
nasi tujue.

Kusema "tukaishona" ni rahisi.
Seli milioni mbili ziliingia kwenye dawa kali;
ambazo hazikushika mshono zilielea kama makapi.
Siku ya tisa chupa ilikuwa makaburi.
Siku ya kumi na nne akaniita kwenye hadubini:
"Tazama pembeni. Usipumue."
Visiwa. Vya seli kumi, kumi na mbili.
Akaviokota kimoja kimoja, kila kimoja na kisima chake,
kama mtu achambuaye dengu za Mwaka Mpya,
na kati ya visima tisini na sita
kimoja kiliwaka vizuri tulipokijaribu kwa ufunguo wa bandia.
Tukakiita kwa namba yake tu: Arobaini na Moja.

Ukoo thabiti, tuliandika kwenye ripoti.
Piroska akacheka, sindano ya insulini mkononi,
sweta limepandishwa kidogo, pale pale kwenye korido:
"Thabiti ni neno la watu wa ripoti."

Alistaafu Juni. Sukari ilianza na mguu wa kushoto.
Novemba tukamzika, ardhi ngumu kama sahani.

Machi, katika kizazi cha thelathini na tatu,
Arobaini na Moja ikazimika.
Haikufa, na hilo ndilo lililoniuma.
Ilikula, ikagawanyika, ikajaa chupa hadi shingoni,
ila taa, hakuna.
Seli zilikuwa zimeukunja ukurasa wetu na kuutia gundi.
Zsombor, mkuu wetu, akavua miwani:
"Tuanze upya. Mwaka mmoja, labda na nusu."

Nikashuka chini, kwenye tangi la naitrojeni.
Moshi mweupe ukanipanda hadi viwiko.
Sanduku la saba, nyuma kabisa, kichupa kimoja,
na mwandiko ule ulionyooka kama ushonaji:
41. Kizazi cha 4. Usiguse bila sababu.

Sababu ninayo, nikamwambia.

Dakika moja ndani ya maji ya uvuguvugu,
mpaka barafu ibaki punje.
Siku tano za kungoja, kubadili chakula, kungoja.
Kisha ufunguo wa bandia, kisha mashine ya kupima mwanga,
kifuniko kimefungwa, maana mwanga wenyewe
jicho halitauona.
Elfu moja na mia mbili. Elfu tisa. Elfu sitini na moja.
Nje mvua ya barafu ilikuwa ikipiga tramu.

Yatima bado hajaitwa kwa jina lake.
Kesho nina vimiminika mia tatu vya kumjaribia,
na huenda vyote vikapita bila yeye kugeuka.

Lakini kabla sijaenda nyumbani nimejaza vichupa ishirini.
Nimeandika: 41. Kizazi cha 5.
Nikaongeza maneno yake.
Mwandiko wangu mbaya. Unasomeka.