Daftari la Mbaazi

Leo Mtopanga kuna hema na viti vya plastiki,
kuna utepe mwekundu mlangoni pa zahanati
na maikrofoni inayokohoa kushinda wagonjwa.
Watu wanamngoja Chengo, mwenye magorofa.

Mimi nimekuja na daftari langu.

Lina madoa ya mafuta, jalada limeliwa na mende.
Ukurasa wa kumi na saba, mwandiko wangu wa zama zile
mkono haujaanza kutetemeka:
Chengo wa karai. Mahamri sita, mbaazi, chai mbili.
Atalipa Jumamosi.

Jumamosi gani, hakusema.

Alikuwa kijana wa mbavu na macho,
akipandisha zege ngazi kwa ngazi kwenye nyumba za wenyewe,
magharibi ashuka na vumbi la simiti kwenye kope,
ala amesimama, akiutazama ukuta.
Kaa basi, nikamwambia, ukuta haukimbii.
Akasema: Umepinda, Bi Mwanakombo. Kwa upana wa kidole.
Fundi hajui.

Kesho yake nikauona ule ukuta unabomolewa.

Ndivyo alivyoanza: kwa jicho.
Kisha timazi ya kuazima, kisha vyumba viwili vya mabati Barsheba,
kisha mkopo, kisha mahakamani, kisha mkopo tena.
Sasa ana majumba Nyali yenye lifti zinazosema.

Sisemi ni malaika. Jengo lake la orofa saba
limeninyima jua la asubuhi; kanga zangu
hukauka saa nane. Nilipeleka malalamiko,
akanitumia kamba ndefu na mtu wa kuifunga juu ya paa lake.
Jua hakurudisha.

Lakini zahanati hii nimeipapasa kwa mkono.
Kuta zimenyooka. Hakutia mchanga wa baharini.
Chumba cha kujifungulia kina dirisha upande wa upepo,
na vibarua walilipwa kila Jumamosi,
nimewauliza mmoja mmoja.

Hotuba zikaisha. Nikapenya katikati ya mashada,
dawa ya deni kulipa ikiwa mdomoni tayari,
nikamfungulia ukurasa.
Akasoma. Midomo ikitembea kama mtoto wa chuoni.
Mpambe wake akachomoa noti ya elfu;
Chengo akamshika mkono.
Usilipe, akasema. Nawe, Bi, usiupige mstari.
Siku nitakayomaliza deni lako
nitakosa sababu ya kurudi huku.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni hotuba bado.

Nimelifunga daftari, nikalitia kwapani.
Maneno mazuri. Kama aliyafanyia mazoezi kwenye gari,
au yalimtoka tu, sijui.
Ila unga umepanda tena wiki hii,
na njiani kurudi nyumbani, polepole, kwa vidole,
nimeanza kupiga hesabu ya riba.