Aliye Nyuma Yangu

Tegal, mama alibandika manyoya kwa gundi,
kumi na sita kwa kila kinyoya,
yote ya bawa la kushoto la bata bukini.
Nikamuuliza la kulia linakwenda wapi.
"La kulia hubaki na bata," akasema, wala hakucheka;
dazeni ilikuwa na bei yake na taa ilikuwa na bili yake.

Nilipelekwa bweni na miaka kumi na mmoja,
begi moja, raketi mbili, moja ina ufa.
Kocha Darmaji akanipima kimo kwa jicho,
akanigeuza viganja, akasema: huyu wa wavuni.
Hivyo ndivyo mtu anavyopewa maisha,
kama sahani ya wali: ndiyo hiyo, kula.
Nyuma yangu wakamweka Ratri wa Salatiga,
mrefu, mashoto,
soksi zake haziko sawa hata siku moja.

Miaka kumi na minne.

Wa mbele hageuki nyuma.
Niligeuka mara moja tu, Jakarta, mazoezini,
na jino hili unaloliona hapa si langu.
Basi nikamjua kwa masikio.
Viatu vikilia kwi, kwi: anaruka.
Vikinyamaza: anatudanganya wote, mimi na wao, atadondosha.
Akivuta pumzi kwa meno, nainama,
na juu ya kisogo changu hewa inapasuka, pwa!
na ng'ambo ya wavu mtu anaokota.

Odense theluji imeziba dirisha.
Basel tumechemsha tambi ndani ya birika la hoteli
na birika likatozwa faini.
Alijua goti langu lipi hulia asubuhi.
Nilijua huhesabu usingizini: kumi na tisa, kumi na tisa sawa, ishirini,
na hafiki ishirini na moja.
Waandishi waliuliza, mnapendana?
Swali gani hilo.
Kuna mwaka mzima hatukusemezana
ila "yako", "yangu", "toka",
na mwaka huo ndio tulioshinda zaidi.

Kisha karatasi ikabandikwa ubaoni,
pale pale penye zamu za kufua.
Jina lake, na la binti wa miaka kumi na tisa.
Langu chini, na mstari mtupu kando yake.
Ratri akasoma, akainama
akafunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.

Nilipewa Anindya. Msichana mwema, ana adabu,
husema samahani hata ninapokosea mimi.
Lakini jino la pembe si dawa ya pengo;
ninalo mdomoni, najua ninachosema.

Tukakutana nao Solo, raundi ya pili,
ukumbi nusu mtupu, feni za darini zikivuta kinyoya upande.
Anindya akanyanyua kifupi.
Ng'ambo, nyuma kabisa, Ratri akaruka,
na kwa mara ya kwanza tangu tuwe wasichana
nikauona uso wake anapopiga.

Nilidhani ni hasira.
Miaka yote, sauti ile, nilidhani ni hasira.
Kumbe ulimi umechomoza pembeni ya mdomo,
jicho moja limefinywa,
kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano
aliyeahidiwa sukari.

Sikuinua raketi.
Kinyoya kikanigonga kifuani, hapa.
Refa akatangaza pointi. Anindya akasema samahani.
Ratri akainua mkono wa kushoto,
ile radhi tunayoombana sote bila kuimaanisha,
halafu akaushusha polepole, akinikazia macho.

Walishinda. Tulipopeana mikono juu ya wavu akauliza,
"Ulikuwa unatazama nini?"
"Goti," nikasema. "Goti linauma."
Akainama kulitazama,
la kulia,
bila kuuliza ni lipi.